KUNOA PICHA ZA NDEGE: SOMO LA HESABU NA LA UAMINIFU

Kila muhula vijana wa chama chetu cha picha huniletea picha za ndege, na karibu kila mmoja huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, picha hii naweza kuinoa kwa kompyuta?" Naona yafaa nijibu hapa gazetini, ili hata wale wasio wanachama wapate faida. Jibu langu ni hili: yawezekana, lakini kwanza ujue kunoa ni kufanya nini. Mtu anoaye kisu bila kujua makali yako upande gani huharibu kisu, na jiwe pia hulimaliza bure.

Wako wanaodhani kwamba programu ya kompyuta ina uchawi ndani yake, na kwamba picha yo yote iliyotoka na ukungu yaweza kutibiwa. Uchawi haupo. Kazi yote ni kujumlisha, kutoa na kugawanya, hesabu ambayo kila mmoja wenu aliimaliza katika shule ya msingi. Nitaionyesha kwa tarakimu, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba alidanganywa na maneno. Kisha nitaeleza habari ya korongo na pete, iliyotokea katika chama chetu muhula uliopita, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

1. PICHA NI NINI

Picha ya kamera ya siku hizi ni jedwali la tarakimu. Uso wa kamera umegawanywa katika vyumba vidogo sana, na kila chumba hupima mwanga ulioingia. Chumba kimoja hutoa nukta moja ya picha, iitwayo pikseli. Kamera yenye nukta 6000 kwa upana na 4000 kwa urefu ina nukta 24,000,000 kwa jumla.

Katika picha ya kawaida ya JPEG kila rangi ya nukta hupewa namba kutoka 0 mpaka 255. Sifuri ni giza tupu, na 255 ni mwanga uliojaa kabisa. Faili ghafi, yaani ile ambayo kamera haijaipika, huwa na ngazi nyingi zaidi. Kamera nyingi nzuri huandika ngazi 16,384. Kwa sababu hiyo nawaambia siku zote: kama kamera yako yaweza kutunza faili ghafi, itunze. Mtu mwenye ngazi nyingi apanda na kushuka polepole, bali mwenye ngazi chache huruka, na kuruka kwake huonekana katika picha.

Jambo jingine yafaa lijulikane. Vyumba vile vya kamera havijui rangi. Juu ya kila kimoja huwekwa kioo kidogo cha rangi, na katika kila vyumba vinne, viwili ni vya kijani, kimoja ni chekundu na kimoja ni cha buluu. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, akapewa hati yake mwaka 1976. Basi kila nukta hupima rangi moja tu, na zile mbili nyingine kompyuta huzikisia kwa kutazama majirani. Kukisia huko hulegeza picha kidogo. Ndiyo maana faili ghafi karibu zote zahitaji kunolewa kidogo, hata kama mpiga picha alifanya kazi yake sawasawa. Kunoa kidogo si aibu wala si udanganyifu. Ni kurudisha kile ambacho kamera yenyewe ilikipunguza.

2. HESABU YA KUNOA

Sasa chukueni karatasi. Tuseme tumempiga picha karoli, yule ndege mkubwa wa majalalani ambaye kila mtu aliyefika Kampala amemwona, akiwa amesimama mbele ya mbingu. Mgongo wake ni mweusi na mbingu ni nyeupe kiasi. Tuchukue nukta sita zilizo katika mstari mmoja, tatu za mgongo na tatu za mbingu:

60, 60, 60, 150, 150, 150

Kompyuta hufanya mambo matatu. Kwanza, hutengeneza nakala ya picha iliyotiwa ukungu, yaani kila nukta hupewa wastani wake na majirani zake. Nukta ya tatu ni 60, majirani zake ni 60 na 150. Jumla ni 270, gawanya kwa tatu, wapata 90. Nukta ya nne ni 150, majirani ni 60 na 150; jumla ni 360, wastani ni 120. Nyingine hazibadiliki. Nakala yetu ya ukungu ni hii:

60, 60, 90, 120, 150, 150

Pili, kompyuta hutoa nakala ya ukungu katika picha ya asili, ipate tofauti:

0, 0, −30, +30, 0, 0

Tatu, hujumlisha tofauti hiyo na picha ya asili:

60, 60, 30, 180, 150, 150

Tazameni vizuri yaliyotokea. Pale mgongo unapokutana na mbingu, upande wa giza umeongezwa giza na upande wa mwanga umeongezwa mwanga. Zamani tofauti ilikuwa 90, sasa ni 150. Jicho la mtu huona ukingo huo mkali zaidi, na husema, "Picha hii imenoleka." Lakini hapana nywele hata moja ya unyoya iliyoongezwa. Habari ni zile zile, ila zimepigiwa mstari.

Njia hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Wapiga picha wa filamu waliifanya katika chumba cha giza kwa kupachika nakala yenye ukungu pamoja na filamu ya asili, kisha wakachapa zote mbili pamoja. Kompyuta imerahisisha kazi tu. Akili ilikuwa ya watu.

3. VIPIMO VITATU

Ukifungua programu kama GIMP, ambayo hupatikana bila malipo, utakuta vipimo vitatu vya kunoa. Vijana wengi huvivuta mpaka mwisho kama mtu afunguaye bomba la maji. Tuvieleze kimoja kimoja.

Kipimo cha kwanza ni kiasi. Katika hesabu yetu tulijumlisha tofauti yote, yaani kiasi cha asilimia 100. Tukijumlisha nusu yake tu, nukta zetu mbili za ukingo zitakuwa 45 na 165. Tukijumlisha mara mbili zitakuwa 0 na 210. Sasa tumefika sifuri, giza tupu. Tukiendelea mpaka mara tatu, hesabu yatupa −30, namba isiyokuwako katika picha. Kompyuta hukata na kuandika 0, na upande wa pili huandika 240. Hapo karoli wetu atakuwa amechorwa mstari mweusi kwa ndani na utepe mweupe kwa nje, kama ndege aliyekatwa kwa mkasi akabandikwa juu ya karatasi. Ukiona utepe huo mweupe kando ya mgongo wa ndege, ujue mwenye picha amezidisha.

Kipimo cha pili ni upana, yaani kompyuta itazame majirani wangapi inapotafuta wastani. Upana mdogo hushika vitu vyembamba: nyuzi za manyoya, mikunjo ya ngozi ya mguu, mwanga ulio ndani ya jicho. Upana mkubwa huacha vitu hivyo, hushika maumbo makubwa, na utepe ule mweupe hunenepa. Kwa manyoya mimi huanza na upana wa nukta moja au pungufu, na ni mara chache nipitapo mbili.

Kipimo cha tatu ni kizingiti, nacho ndicho ambacho vijana wengi hukiacha bila kukigusa. Ili kujua faida yake hatuna budi kwanza kuzungumza juu ya chenga.

4. CHENGA, NA ADUI AITWAYE UKUNGU

Ukipiga picha asubuhi mapema au ndani ya msitu, mwanga ni haba, nawe waiambia kamera iongeze nguvu. Hapo picha hujaa vijipunje, kama chenga zilizokuwa zikionekana katika televisheni za zamani. Tuchukue kipande cha mbingu ambacho kingepasa kuwa 100 mahali pote, lakini punje moja imefika 112:

100, 100, 112, 100, 100

Fanyeni hesabu ile ile. Wastani wa nukta tatu za katikati ni 104 kila moja. Tofauti ni 0, −4, +8, −4, 0. Jumlisha, wapata:

100, 96, 120, 96, 100

Punje iliyowapita jirani zake kwa 12 sasa yawapita kwa 24. Tumenoa chenga! Kompyuta haikujua kwamba hiyo ni takataka. Ilidhani ni unyoya. Basi hapa ndipo kizingiti kinapofanya kazi. Ukikiweka 10, kompyuta itaacha kila tofauti iliyo chini ya 10. Punje yetu ilikuwa na tofauti ya 8, itaachwa. Ukingo wa mgongo wa karoli ulikuwa na tofauti ya 30, utanolewa. Ni kama mlango wenye kizingiti kirefu: kuku wadogo hawapandi, mbuzi hupita.

Sasa yule adui mkubwa. Wengi huniletea picha ambazo lenzi ilikaza tawi la nyuma badala ya jicho la ndege, nao hutaka kunoa kuondoe ukungu. Katika picha kama hiyo mgongo haukutani na mbingu kwa ghafula. Hupanda polepole kama kilima:

60, 60, 78, 96, 114, 132, 150, 150

Tafuteni wastani wa 96 na majirani zake: 78 na 96 na 114 ni 288, gawanya kwa tatu, ni 96. Tofauti ni sifuri. Jaribuni 78, jaribuni 114, jaribuni 132: zote sifuri. Pale chini tu kilima kinapoanza tofauti ni −6, na pale juu kinapoishia ni +6. Kompyuta imetafuta katikati ya ukungu na haikuona kitu cha kunoa. Itaweka alama ndogo mwanzo na mwisho wa kilima, na kilima kitabaki kilima. Ukiongeza upana utapata utepe mnene, lakini unyoya hautarudi, maana haukuandikwa tangu mwanzo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo mnoaji wa kwanza ni mpiga picha mwenyewe. Kaza lenzi juu ya jicho la ndege. Kama ndege yu hewani, fungua kamera kwa muda wa 1/1000 ya sekunde au mfupi zaidi. Mdiria anayepepea juu ya maji huhitaji ufupi kuliko huo. Kama umebahatika kufika kinamasi cha Mabamba, magharibi ya Entebbe, ukamwona yule korongo-nyangumi mwenye mdomo kama kiatu, mshukuru kwa utulivu wake. Husimama kimya muda mrefu akingoja samaki, nawe waweza kutumia 1/250 bila hofu, mradi mtumbwi wenyewe umetulia.

5. MPANGO WA KAZI

Mambo hufuatana, na mwenye kuyapindua hujitafutia taabu. Huu ndio mpango niufuatao mimi.

Kwanza, tunza faili ya asili mahali pake, wala usiiguse. Fanya kazi juu ya nakala. Faili ya JPEG hupoteza kidogo kila inapobadilishwa na kuhifadhiwa tena, kama nakala ya nakala ya barua. Programu za faili ghafi, kama darktable na RawTherapee, ambazo nazo ni za bure, hazibadilishi faili ya asili. Huandika mabadiliko kando.

Pili, kata picha. Ondoa nafasi isiyo na kazi, lakini mwachie ndege mahali pa kutazama mbele yake. Kumbuka gharama ya kukata: picha ya nukta 6000 kwa 4000 ukiikata nusu ya upana na nusu ya urefu, imebaki 3000 kwa 2000. Umebakiwa na robo ya nukta zako, si nusu. Robo hiyo ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, hutoa picha ya upana wa inchi 10, nayo yatosha kwa ubao wa shule.

Tatu, sawazisha mwanga na rangi. Hapa yangeyange ndiye mtihani. Manyoya yake ni meupe sana, na katika jua la mchana huweza kufika 255 mahali pengi. Ikiwa nukta zote za bawa ni 255, tofauti baina yao ni sifuri, na ninyi sasa mwajua kunoa sifuri huleta nini. Afadhali picha iliyoingia giza kidogo kuliko iliyojaa mwanga. Giza laweza kuinuliwa, lakini weupe uliojaa hauna cha kuteremshwa.

Nne, punguza chenga, na upunguze kwa kiasi. Kupunguza chenga ni kulainisha, na kulainisha hakuchagui sana. Huondoa punje na huondoa pia nyuzi nyembamba. Ukizidisha, ndege huwa kama amefinyangwa kwa nta.

Tano, punguza ukubwa ufae mahali itakapokwenda, ukutani au kwenye skrini.

Sita, mwisho kabisa, noa. Noa ndege, si mbingu wala majani ya nyuma. Programu nyingi huruhusu kuchagua mahali. Noa jicho kwanza, halafu mdomo, halafu manyoya ya uso. Kifua na mgongo vyahitaji kidogo tu. Tazama kazi yako kwa ukubwa wa asilimia 100, yaani nukta moja ya picha kwa nukta moja ya skrini. Kisha ondoka, ukanywe maji, urudi. Jicho lililotazama ukali kwa muda wa nusu saa huzoea, na hutaka ukali zaidi, kama ulimi uliozoea chumvi.

6. KORONGO NA PETE

Sasa nifike kwenye habari niliyoiahidi. Korongo-taji, ambaye Waganda humwita ng'aali, ni alama ya nchi yetu. Amesimama katikati ya bendera tangu uhuru wa 1962. Lakini mabonde yenye matope anamozaa yamelimwa mengi, naye tangu 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo kila habari ya korongo ina uzito. Watafiti huwavika ndege wengine pete miguuni, ili ndege akionekana tena ijulikane alitoka wapi na ameishi muda gani.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliwapiga picha korongo wawili bondeni, jioni, kwa mbali. Alikata picha, akapunguza chenga, akainoa, akaileta katika chama. Ilikuwa picha nzuri kweli. Na katika mguu mmoja, juu kidogo ya tope, ilionekana pete: mkanda mweupe, mfupi, wenye kingo nyeusi juu na chini. Chama kizima kilifurahi. Barua ya kuwaarifu watu wanaohesabu korongo ikaandikwa, na picha ikatengwa kwa maonyesho ya siku ya wazazi.

Msichana wa kidato cha pili, ambaye si msemaji sana, akauliza kama aweza kuiona faili ya asili. Wengine walimnung'unikia, wakadhani ana wivu. Tukaifungua. Katika faili ya asili, palepale penye pete, palikuwa na jani moja kavu la nyasi lililopita mbele ya mguu, likaendelea kulia na kushoto.

Tulipima nukta pamoja. Mguu wa korongo ulikuwa kama 50, jani lilikuwa kama 140, na nyasi za nyuma zilikuwa kama 130. Mbele ya mguu, jani lilitofautiana na weusi kwa 90. Pembeni, mbele ya nyasi, lilitofautiana kwa 10 tu. Sasa ninyi wenyewe mwaweza kumaliza hesabu. Kupunguza chenga kulifuta tofauti ndogo ya 10, jani likatoweka pembeni. Kunoa kukakuza tofauti kubwa ya 90, jani likang'aa juu ya mguu na kupata kingo nyeusi. Kipande cha jani kilichobaki kilikuwa na upana wa mguu barabara. Hakuna aliyechora pete. Kila hatua ilikuwa halali, na zote pamoja zikazaa uongo.

Barua haikupelekwa. Kijana alihuzunika, maana alikwisha waambia wazazi wake, na kwa siku mbili hakuzungumza na yule msichana. Siku ya tatu alikuja mwenyewe na picha mbili, ya asili na iliyonolewa, akaomba zitundikwe pamoja ukutani siku ya wazazi, na maelezo chini yake. Watu wengi walisimama mbele ya picha hizo mbili kuliko nyingine zote.

Fikirini kama barua ingekwenda. Pengine mtu angetoka mbali kuja kumtafuta korongo asiyekuwako. Pengine ingeandikwa daftarini kwamba ndege fulani yu hai, kumbe alikwisha kufa. Daftari lenye nafasi tupu ni afadhali kuliko daftari lenye habari ya uongo, maana nafasi tupu hukwambia nenda ukatafute, na uongo hukwambia keti, imekwisha patikana.

7. MPAKA UKO WAPI?

Swali hili si geni. Mwezi wa Februari 1982 gazeti la National Geographic la Marekani lilitoa juu ya jalada lake picha ya piramidi za Giza, na piramidi zilikuwa zimesogezwa karibu kwa kompyuta ili zienee katika jalada la wima. Hapana aliyeumia, lakini wasomaji waliuliza: kama piramidi zaweza kusogezwa, tuamini nini?

Leo mambo yamezidi. Ziko programu ambazo hazinoi kwa hesabu niliyowafundisha. Zimefunzwa kwa picha nyingi sana, na zikiona ukungu hukisia ni kitu gani kingalifaa kuwepo, zikakichora. Ukizipa ndege mwenye ukungu hukurudishia manyoya safi, lakini manyoya hayo si lazima yawe ya ndege wako. Yametoka katika picha za ndege wengine. Kwa picha ya kupamba chumba, hilo ni hiari ya mtu, akiwaambia watazamaji. Kwa picha ya kutambua ndege wawili wanaofanana, ambao hutofautiana kwa mistari michache ya kifuani, ni hatari, maana mashine yaweza kuandika mistari ile ambayo wewe ulikuja kuitafuta.

Basi chama chetu kimekubaliana mambo haya. Faili ya asili itunzwe siku zote, na mtu yeyote akiiomba aonyeshwe. Kukata, kusawazisha mwanga, kupunguza chenga na kunoa huruhusiwa. Kuongeza, kuhamisha au kufuta kitu katika picha ya ushahidi hakuruhusiwi. Kitu kisichoonekana kabisa katika faili ya asili hakiandikwi katika barua yetu. Na picha iliyochorwa kwa kukisia itatundikwa ukutani ikiwa imeandikwa hivyo chini yake.

Mtu akisema sheria hizi ni kali mno kwa watoto wa shule, namjibu kwamba korongo hawajui kama aliyewahesabu ni mtoto au mzee. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenye kuifuata kwa bahati mbaya naye hufika mahali pale pale.

MASWALI

1. Noeni mstari huu kwa asilimia 100, kwa kutumia wastani wa nukta tatu: 40, 40, 40, 130, 130, 130. Kisha unoeni kwa asilimia 200. Ni nukta ipi iliyotoka nje ya namba za picha, na kompyuta itaandika nini mahali pake?

2. Mstari wa mbingu ni 90, 90, 102, 90, 90. Kizingiti ni 10. Je, kunoa kutabadilisha nukta gani? Elezeni sababu.

3. Kamera ina nukta 6000 kwa 4000. Ndege wako amekaa katika sehemu ya 1500 kwa 1000, nawe wataka kuchapa sehemu hiyo peke yake kwa nukta 300 kwa inchi. Umetumia sehemu gani ya nukta zote, na picha itakuwa na upana wa inchi ngapi?

4. Kijana ameleta picha ya tai mla samaki aliyenolewa sana, na katika ukucha wake panaonekana uzi mweupe kama wa nyavu. Andikeni mambo matatu mtakayoyatazama katika faili ya asili kabla ya kuandika kwamba tai amenaswa.

Leteni majibu katika mkutano wa chama. Swali la nne halina hesabu, lakini ndilo nitakalolisahihisha kwanza.